Mikono Inayonuka Ulezi

Nilipoifungua ile gemu ya zamani kutoka Japani, iliyokuwa ikipiga sidii na kuonyesha sinema pia, harufu ya waya ulioungua ilinirudisha sebuleni kwa mama mdogo, mjini, mtaa wa Kizwite. Nililetwa kwake kutoka kijijini ili nisome. Wanawe walicheza juu ya zulia. Mimi nilitazama nikiwa mlangoni, mwiko mkononi.

“Usiguse! Mikono yako inanuka ulezi,” mama mdogo aliniambia kila nilipoisogelea gemu yao.

Siku moja mume wake aliichomeka ukutani moja kwa moja, bila ile transfoma yake ya kupunguza umeme. Ikafuka moshi, na wote wakanigeukia mimi.

“Huyu mshamba ndiye kaiunguza!” mama mdogo akafoka.

Nilirudishwa kijijini juu ya lori la mbolea. Njia nzima nilikuwa nanusa viganja vyangu.

Leo mama mdogo ameileta niitengeneze, ameketi mbele ya meza yangu ya ufundi. Nilipobadilisha fyuzi na kapasita, picha ikatokea kwenye runinga, rangi zilezile. Akacheka.

“Unakumbuka ulivyoiunguza, mwanangu?” Akanyoosha mkono aichukue.

“Usiguse, mama mdogo. Mikono yako inanuka.”

Akaipeleka mikono yake puani, mmoja, halafu wa pili.