Nguo za Theluji Kwenye Veranda ya Gopal

Kabla Nyanchera hajakupima kiuno, alikuuliza maswali mawili: utaivaa wapi, na mwezi gani. Ukijibu la kwanza ukasahau la pili, futi ilibaki imening'inia shingoni mwake na wewe ukabaki umesimama hapo mpaka ukumbuke. Maswali hayo niliyasikia kwa miaka kumi na minne, maana meza yangu ya kutengeneza saa ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye cherehani yake, kwenye veranda ya duka la vitambaa la Gopal, mjini Kisii. Yalinichosha. Nilimwambia mara nyingi kwamba suruali ni suruali, iwe Januari iwe Juni. Alinijibu kwamba ndiyo sababu suruali zangu zinachakaa makalio kabla sijamaliza kuzizoea.

Alikuwa mzaliwa wa Gesima, kule juu kwenye chai, na alichuma majani tangu alipoweza kubeba kikapu mpaka siku ya kuolewa. Mume wake alipofariki alishuka mjini na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, akaingia dukani kwa Gopal, wala hakuomba nafasi. Alimwambia Gopal kwamba watu wananunua kitambaa chake kizuri, wanakipeleka kwa mafundi wabovu, kisha wanarudi kulalamika kwamba kitambaa ndicho kibaya. Gopal alicheka, akamwonyesha kona ya veranda. Nyanchera alisema asante mara moja, akaenda kumtafuta mtu wa kumsaidia kubeba cherehani.

Nisifiche kitu: mwanamke huyo alinikera. Alijiamini kupita kiasi, na kila alipojiamini alikuwa na haki ya kujiamini, jambo lililonikera zaidi.

Riziki yake yote ilisimama juu ya mwezi mmoja. Miezi mingine alishona sare za shule na kutia viraka, lakini Desemba ilikuwa Desemba. Wavulana walikuwa wakitoka jandoni, na kila mmoja alitaka suruali mpya. Akina mama walitaka magauni ya Krismasi, na wasichana walitaka yanayofanana na ya mama zao. Foleni ilianzia kwenye cherehani ikafika kwenye meza yangu, na waliochoka kusimama walinipa saa zao nizitazame. Mwaka huo wa 1996 alikuwa na sababu moja zaidi ya kuisubiri. Binti yake, Bosibori, alikuwa darasa la nane, mtoto mwerevu sana, na Januari angeingia kidato cha kwanza. Sanduku, godoro, sare na karo vyote vingetoka kwenye magauni ya Desemba. Hilo alilijua kila mtu aliyewahi kukaa kwenye veranda ile.

Basi mwezi wa nne Gopal akapata wazimu wa theluji. Ndugu yake Sanjay alihamia Canada zamani, na kila mwaka alituma picha akiwa amesimama kwenye theluji ya kufika magotini, pamoja na barua ya kuuliza kama Gopal bado anauza vitambaa kule porini. Gopal alivumilia miaka mingi. Kisha kampuni moja ya safari ya Nairobi ikamletea kitabu cha picha cha hoteli iliyo juu mlimani huko Afrika Kusini, karibu na mpaka wa Lesotho. Ndani yake kulikuwa na watu wakiteleza kwa skii, na vijana wakiteleza kwenye ubao mmoja wamesimama ubavu, na yote hayo Afrika hii hii. Nchi ile sasa ilikuwa imetufungulia milango. Gopal akasema familia yake itapiga picha ya theluji, na Sanjay atatumiwa nakala.

Duka lote likageuka kituo cha mazoezi. Trisha, binti yake wa miaka kumi na sita, alichukua ubao unaozungushiwa jora la kitambaa, akaupaka nta ya mshumaa, akawa anateleza juu yake kutoka kaunta hadi mlangoni. Ndugu yake Ankit alimsukuma. Mke wa Gopal, Lalita, aliuliza kama kule mlimani watapata chakula kisicho na nyama, na kama mifupa ya mtu wa miaka arobaini na minane ikivunjika hushikana tena. Hakujibiwa hata moja, kwa hiyo akaanza kuorodhesha dengu na chapati za kubeba.

Jumatatu moja asubuhi Gopal alitoka dukani na kile kitabu cha picha. Alimsalimia Nyanchera kwa Ekegusii, kama alivyofanya siku zote. "Bwakire," alisema, naye akaitikia, "Bwakire buya." Kisha akamwagiza makoti manne na suruali nne za theluji. Kukodi nguo kule alikuwa amekataa, kwa sababu yeye ni mfanyabiashara wa vitambaa, na haiwezekani akavae koti lililoloa jasho la mtu mwingine.

"Utavalia wapi?" Nyanchera aliuliza, ingawa kitabu kilikuwa mbele ya macho yake.

"Kwa theluji, huko mlimani."

"Mwezi gani?"

"Desemba," Gopal alisema. "Theluji ni ya Krismasi. Tutafunga duka wiki tatu."

Nyanchera aliishusha futi kutoka shingoni, akaikunja, akaiweka juu ya cherehani. Nilikuwa nimeshika kibano na gurudumu la saa, nikaviweka mezani. Wiki tatu za Desemba maana yake ilikuwa veranda yenye makufuli, hakuna kitambaa wala foleni, na Bosibori angebaki nyumbani. Nilidhani atalia au atamsihi. Hakufanya hivyo.

Alimwambia kwamba Desemba hakuna theluji kule. Gopal akamwonyesha kadi za Krismasi zilizobaki kwenye rafu juu ya kaunta tangu mwaka uliopita, kila moja ina theluji juu ya paa. Akamtajia picha za Sanjay, ambazo nyuma zimeandikwa Desemba. Mimi nilitikisa kichwa kuafiki. Mji mzima wa Kisii ungetikisa kichwa, kwa kuwa tangu tulipofundishwa nyimbo za Krismasi tulijua theluji inaanguka mwezi gani.

"Bwana Gopal, nisikize," Nyanchera alisema. "Ikweta iko Maseno, sisi tuko huku chini yake. Canada baridi iko Desemba. Gesima baridi iko Julai, hata chai inakataa kuchipuka. Hiyo nchi iko kusini kutushinda. Sasa itafuata Canada, ama itafuata Gesima?"

Lilikuwa swali zuri. Naona leo kwamba lilikuwa swali zuri sana. Lakini siku ile kulikuwa na wateja watano pale, nami nilitaka kuonekana mjuaji mbele yao na mbele ya mwenye veranda, basi nikafungua mdomo wangu.

"Bwana Gopal, usisumbuke," nilisema. "Mama Bosibori anatetea Krismasi yake tu."

Watu walicheka. Gopal alimtazama Nyanchera, nikaona uso wake ukibadilika, kama muuzaji aliyegundua bei aliyotajiwa si ya kweli. Alimwambia kwa upole kwamba anamwelewa, kwamba mama lazima afikirie watoto wake, lakini safari ni Desemba na Jumamosi atapiga simu Nairobi tikiti zikatwe. Akarudi ndani. Nyanchera alinigeukia mimi.

"Machogu," alisema, "wewe unatengeneza saa za watu, lakini miezi hujui."

Nilijua nimemkosea tangu neno lilipotoka, na badala ya kuomba radhi niliinamia saa ya mtu na kujifanya sioni. Niliona aibu, na aibu yangu ilinifanya nimkasirikie yeye.

Alichofanya baadaye ndicho kilichonifanya niandike habari zake. Hakununa wala hakwenda kumbembeleza mtu. Jioni ile ile alimwendea Lalita na kumwomba namba ya faksi ya hoteli, iliyokuwa nyuma ya kitabu cha picha. Alisema fundi hawezi kukata koti bila kujua baridi yake, kwa sababu pamba ya kutia ndani hupimwa kwa baridi. Lalita alimpa. Asubuhi Nyanchera aliandika kwa Kiingereza chake cha kidato cha pili, herufi kubwa zilizonyooka, akaniwekea karatasi mezani nimkagulie tahajia. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Aliandika kwamba yeye ni fundi, anawashonea wageni wanne, na angependa kujua wageni wa hoteli huvaa nini wakiwa nje mwezi wa Agosti, na huvaa nini mwezi wa Desemba. Tikiti hakuzitaja, wala hakumtaja Gopal. Aliipeleka kwa Sadiq, aliyekuwa na duka la simu na faksi karibu na posta.

Wakati jibu likisubiriwa, yeye alianza kukata. Nilimwuliza kwa nini akate nguo za safari anayoipinga. Akasema nguo za theluji zitavaliwa, mwezi tu ndio haujakubaliwa.

Hakuwahi kuona theluji, lakini umande wa Gesima aliujua. Mchuma chai huingia shambani alfajiri, na maji humwingilia sehemu tatu: kwenye viganja vya mikono, kwenye magoti, na kiunoni pale aproni inapofungwa. Nyanchera alinunua nailoni ngumu ya aproni za wachumaji, akaitumia kwa upande wa nje, akatia pamba katikati na kitambaa kizito cha fulana ndani. Aliongeza glavu zenye mpira viganjani, magotini akaweka tabaka mbili, na suruali akaipandisha hadi kifuani ikashikwa na mikanda ya mabegani. Suruali ya Trisha ilipokwisha, alimketisha kwenye beseni la maji uani kwa Lalita kwa robo saa nzima. Msichana aliinuka mkavu, akakimbia kumwonyesha baba yake. Gopal aliipapasa ile suruali, akaisifu, akasema Desemba watakuwa salama kabisa.

Ijumaa kabla ya chakula cha mchana Sadiq mwenyewe alikuja na karatasi iliyokunjwa mara mbili, ikiwa na jina la Nyanchera. Aliipokea. Nilingoja aifungue, kwa sababu kesho yake ndiyo siku ya kukata tikiti, na Bosibori alikuwa ndani ya karatasi ile, na godoro lake, na shule yake. Hakuifungua. Aliingia nayo dukani vile vile ilivyokunjwa, akaiweka juu ya kaunta mbele ya Gopal, akamwambia asome kwa sauti. Mimi nilisimama mlangoni. Lalita alikuwa akipima kitambaa, akaacha.

Gopal alivaa miwani. Akasoma kwamba Julai na Agosti wageni huvaa makoti mazito, glavu na kofia za sufu, kwani theluji huwa nzuri na mashine za kuwapandisha mlimani hufanya kazi kuanzia asubuhi. Akasoma kwamba Desemba ni kiangazi, mlima unakuwa majani matupu, wageni huvaa mikono mifupi na kofia za jua, na wengi huja kuvua samaki mtoni. Mwandishi alimaliza kwa kumwuliza fundi kama wale wageni wanne watahitaji ndoana.

Lalita ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akakalia jora la poplini. Trisha na Ankit wakafuata. Gopal hakucheka. Aliikunja karatasi kama ilivyokuja, akavua miwani, akatoka nje mpaka kwenye veranda, akakaa kwenye kigoda cha wateja karibu na cherehani. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona akikaa nje. Nyanchera alimfuata, akaketi mahali pake.

"Nilidhani unajitetea," Gopal alisema.

"Nilikuwa najitetea," Nyanchera alimjibu. "Na ilikuwa kweli. Mbona isiwe zote mbili?"

Gopal akasema pole. Alilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Ekegusii, mbele yangu na mbele ya wateja wawili waliokuwa wamekuja kuulizia sare. Kisha akaenda kupiga simu Nairobi bila kungoja Jumamosi.

Alipoondoka nilimwuliza Nyanchera aliwezaje kuibeba karatasi ile bila kuisoma kwanza. Je, kama ingesema vingine?

"Kwa nini nisome?" alisema. "Mimi nimetoka Gesima."

Walisafiri Agosti, shule zilipofungwa. Sisi tulibaki na sweta zetu na ukungu, na Nyanchera alikuwa akitazama juu na kusema kwamba huko waliko theluji sasa inaanguka. Funguo za duka Lalita alimwachia yeye, akawa anauza na kushona. Waliporudi walileta picha, na moja Gopal aliitundika juu ya kaunta mahali kadi za Krismasi zilipokuwa. Trisha amesimama ubavu juu ya ubao. Ankit amelala chali. Lalita ameshika chupa ya chai. Gopal ameketi kwenye theluji hadi kiunoni, na aliniapia kwamba makalio yake yalikuwa makavu siku zote sita.

Desemba ikaja, na foleni yake. Nami nilinunua mita mbili za kitambaa cha kijivu kwa Gopal, nikapanga foleni kama watu wengine, ingawa meza yangu ilikuwa pale pale. Nilikuwa nimechelewesha radhi yangu miezi minane na sikujua njia nyingine ya kumfikia. Zamu yangu ilipofika aliniangalia juu chini.

"Utaivaa wapi?"

Nilisema nitaivaa siku Bosibori akienda shuleni, kwa sababu ningependa kumbebea sanduku mpaka stendi, kama mama yake ataniruhusu. Nikasema pia kwamba lile neno langu la mwezi wa nne lilikuwa neno baya, na nililijua ni baya siku ile ile. Watu nyuma yangu walianza kuguna.

"Mwezi gani?" aliuliza.

"Januari. Lakini ishonwe sasa, Desemba."

"Desemba iko," Nyanchera alisema, akaivua futi shingoni na kuanza kunipima.