Mlima wa Dada Hedwiga

Dada yangu Hedwiga anachora mabango ya saluni hapa Mbinga mjini. Vichwa vya wanawake na misuko yao anavimaliza huku anapiga umbea. Ila wiki ile hata ugali ulikuwa haushuki.

Mzee Raimundi, fundi wa picha za makanisani, alitaka msaidizi mmoja wa kushuka naye ziwani kupaka kanisa zima. Dada alikuwa anaiota kazi hiyo toka shule. Sharti la mzee: unaiga picha yake moja ya kizungu ya zamani, magofu, nguzo ndefu, tao kubwa, nyuma milima. Ukiongeza kitu chako, kwaheri. Elias wa Ukata, aliyejaribu kabla ya dada, aliongeza kawingu tu, karudishwa kwao.

Hedwiga akawa anashika burashi, nguzo inapinda.

"Nguzo ni kama shingo tu, chora!" nikamfokea.

"Shingo ikipinda naificha na hereni. Nguzo naificha na nini?"

Akafuta, akarudia, akafuta. Mpaka nguzo zikasimama. Asubuhi ya kukaguliwa nikaweka picha ya mzee na ya dada ubavu kwa ubavu, nikamwita aone.

"Dada. Milima ya mzee haina ngolo."

Milima yote kaijaza ngolo, yale mashimo tunayolimia huku Umatengoni ili mvua isibebe udongo. Safi kabisa, kama shamba la baba.

"Mungu wangu! Siku zote unaangalia, hukuona?" dada akanigeukia.

"Mi niliona sawa! Mlima si ndo unakuwaga hivyo?"

Dada akachukua kitambaa afute, upande mmoja ukawa tope tupu. Mlango ukagongwa. Nikajipanga: huyu mzee akimtukana dada yangu, leo tunazichapa.

"Shikamoo mzee," Hedwiga akasema, kitambaa kakificha mgongoni.

"Marahaba." Akaangalia nguzo. Akaangalia tao. Akafika mlimani, akainama karibu. Nje pikipiki ilipita, Hedwiga akashtuka kama kapigwa.

"Nani kakutuma ulime hapa?"

"Hakuna, mzee. Mkono wenyewe."

"Kwangua. Rudia, nikiwa nimesimama hapa."

Akakwangua na kisu. Akapaka mlima mtupu, jasho linadondoka mpaka kwenye rangi, mzee anampumulia kisogoni. Mi sikupumua kabisa. Alipomaliza akasema kwa woga, "Ila huu utaporomoka, mzee."

"Ulishaporomoka zamani. Unadhani magofu yalitoka wapi?"

Akacheka peke yake. Sisi hatukuthubutu.

"Elias nilimwambia arudie, akanibishia," akasema mzee akivaa kofia. "Kesho asubuhi stendi. Sweta acha, ziwani joto, na uzoee ngazi. Ukuta ule ni mrefu."

Alipotoka, nikaruka juu kushangilia. Hedwiga kakaa chini sakafuni, kashika magoti.

"Mrefu kiasi gani?" akaniuliza.