Kitanda cha Liwali

Niliondoka Makorora kwenda kutafuta makosa ya rafiki yangu. Mwanaidi hakusomea historia, kama mimi nisivyoisomea, lakini ndiye aliyeombwa kuandika maelezo ya vitu kwenye makumbusho ya mji wao mdogo mbele ya Kigombe, ndani ya ngome ya liwali wa zamani. Mimi nimekusanya simulizi za wazee miaka mitatu, na sijamwonyesha mtu hata ukurasa mmoja. Kila nikiusoma nauona mbovu.

Saa mbili asubuhi basi liliondoka stendi ya Ngamiani. Magofu ya Tongoni niliyapita bila kuyaona. Nilikuwa nikijizoeza kutabasamu.

Saa nne nilifika. Kuta za ngome ni nene, zimepakwa chokaa upya, na ndani kuna ubaridi. Mwanaidi alinikumbatia mlangoni.

"Riziki! Tangu alfajiri nakungoja wewe tu!"

Nikasoma vibao vyake kimoja kimoja. Maneno machache, safi, yanaeleweka. Yaliniuma.

Chumba cha juu kilikuwa na kitanda chembamba cha kamba, chenye uwazi katikati. Kibao kilisema: "Kitanda cha Liwali." Mgeni mmoja alikuwa amejinyoosha juu yake, mkewe akimpiga picha.

Moyo uliniruka kwa furaha. Ningeweza kumvuta Mwanaidi pembeni. Sikumvuta.

"Hicho ni kitanda cha kuoshea maiti," nikasema kwa sauti. "Huo uwazi ni wa kupitisha maji."

Yule bwana alishuka kama aliyeng'atwa na siafu. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Ndiyo maana leo hukukoroma, baba Asha!"

Mwanaidi hakucheka. "Ungeninong'oneza, shoga," alisema, machozi yakimlengalenga. Akanipa kadi na kalamu. "Haya, andika wewe."

Nilichana kadi tatu. Ya nne nilikata neno, nikataka kuichana pia. Akaninyang'anya, akaibandika.

"Inatosha. Watu wanasubiri."

Saa kumi niliaga. Nilikuwa nimeelewa kwamba Mwanaidi hanizidi kujua. Ananizidi kuthubutu kukosea mbele za watu, nami nilimwadhibu kwa hilo hilo. Nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe," alisema, akishika mlango. "Ila leo sikusindikizi."

Nikashika njia ya stendi peke yangu. Nimekuwa mgeni wake tangu utotoni, na sikuwahi kuitembea njia ile bila yeye kando yangu, akinishikia mkoba.