Nokwakha, Mwalimu Asiyekaa Chini

Wifi yangu Nokwakha hajui kukaa. Chai anakunywa amesimama, anasali huku anapanga sufuria, na kanisani hapa Gcuwa huchagua mwisho wa benchi ili apate kutoka. Haya namwambia mbele yake, kwa hiyo si umbea.

Miaka sita iliyopita alimtoa shule binti yake, Lilitha. Mtoto ana kigugumizi, na darasa zima lilikuwa likimwiga, mwalimu naye akicheka chinichini. Nokwakha alikwenda, akamwambia mwalimu yule maneno ambayo siyaandiki hapa, akarudi na begi la mtoto. Kaka yangu, yaani mumewe, anayefanya kazi kiwanda cha magari kule Gqeberha, alipigiwa simu mambo yakiwa yamekwisha.

Mwanzoni alimfundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Baadaye wakapata shule ya mtandaoni: walimu wako kwenye kompyuta, maswali yanajibiwa kwa kuandika, hakuna wa kumcheka mtu. Lilitha alichanua. Aliyekonda ni mama yake. Kila somo yuko nyuma ya kiti, anasoma juu ya bega la mtoto, anajifunza upya hesabu alizozikimbia ujanani.

Novemba hii ukaja mtihani wa hesabu wa kupanda darasa. Masharti yalikuwa makali. Mtoto awe peke yake chumbani, pawe kimya, na kamera ya kompyuta imtazame muda wote, kwa saa mbili za mtihani. Ikiona uso wa pili mara tatu, mtihani unafungwa. Kuna nafasi moja tu ya kurudia, nayo ikiharibika, mtoto anaanza mwaka upya.

Nokwakha alifungia kuku bandani, akanizimia redio yangu bila kuniuliza. Saa tatu kamili Lilitha akaanza. Saa tatu na robo, nani anasimama getini? Baba Mkubwa Mzwamadoda, kaka wa marehemu baba yetu, ametoka Centane na jogoo kwapani.

"Hamjambo hapa!" alinguruma. Mzee yule amezoea kuita ng'ombe walio mlima wa pili.

Nokwakha alimkimbilia kichwa wazi, bila kitambaa, kidole mdomoni. Mke wa ukoo anamnyamazisha baba mkwe! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Shh! Baba Mkubwa, subiri hapohapo. Mtoto yuko kwenye mtihani."

"Mwalimu wake yuko wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Basi mwambie atoke anisalimie."

"Hawezi kutoka, Baba. Nakuomba usiongee."

"Nisiongee? Nyumbani kwa mdogo wangu?"

Nilimletea kiti na maji hukohuko nje ya geti. Alikaa amemkumbatia jogoo wake, amenuna. Nokwakha naye akawa anakwenda dirishani, anachungulia, anarudi getini, anakwenda tena.

"Wifi, tulia, utachimba mfereji," nilimwambia. Hakunisikia.

Kabla ya saa nne Lilitha alitoka analia. Kompyuta ilikuwa imefunga mtihani.

Nokwakha akamgeukia mzee. "Umeona sasa? Sauti yako hiyo! Miaka sita, Baba Mkubwa, kazi ya miaka sita unaniharibia kwa jogoo!"

Mzee alimfunga jogoo kwenye geti kwa kamba, akaondoka taratibu. Nilimwonea huruma, na mchana ule wote nilimchukia wifi yangu.

Jioni shule ikatuma barua pepe yenye picha tatu za ile kamera. Mzee hakuwemo, jogoo hakuwemo. Katika zote tatu Lilitha ameinama anaandika, na nyuma yake, dirishani, kuna paji la uso na macho mawili ya Nokwakha.

"Ni mimi," alisema.

Kesho yake alikwenda Centane na chupa ya brandi kuomba radhi. Sikuambiwa alisema nini. Ninachojua ni kwamba mzee alipokea, akatoa na chumba chake chenye mlango wa kufungika, mtihani urudiwe huko Jumatatu.

"Tutaondoka alfajiri," Nokwakha alimwambia Lilitha. "Mimi nitakaa jikoni kwa babu yako. Sichungulii, naapa."

"Mama, u-u-u..."

Nokwakha ana tabia ya kummalizia mtoto maneno. Safari hii alifungua mdomo, akaufunga, akangoja.

"U-ubaki nyumbani. Nitakwenda na babu."

Jumatatu alfajiri mzee alikuja kumchukua kwa gari la kukodi. Nokwakha alimpa mtoto kompyuta, akampa bando la intaneti la kutosha, akamrekebisha kola mara tatu, kisha akasimama barabarani hadi gari likapotea. Ilipofika saa tatu alikuja kwangu, mikono haijui pa kwenda.

"Wifi, miaka sita mimi ndiye shule yake," alisema. "Sasa hivi ameanza. Nifanye nini mpaka saa tano?"