Godoro Juu ya Kombi

Ndugu zangu, nichekeni taratibu, mgongo wangu bado unauma. Mwaka ule vita vilipotulia kidogo, nilimwahidi mke wangu kwamba uzee wetu tutautembeza kando ya ziwa, tukilala ndani ya kombi niliyoiendesha miaka yote. Kilichokosekana ni godoro tu.

Pale dukani Mulongwe nililalia magodoro sita mbele ya watu, viatu mkononi. Hili linanimeza, lile ni saruji. La saba, nusura nikorome! Nikalifunga juu ya kombi, nikapita mtaa wa Rugenge mbio, honi kila kona kama msafara wa harusi. Nikafika nyumbani, nikaingia kuoga.

Nilipotoka, jirani mmoja alikuwa akijitwika masufuria, mwingine akifunga mbuzi kwenye baiskeli. Vita! Sabuni ikiwa bado masikioni, nikampakia mke wangu na bibi wawili wa jirani, tukafuata umati hadi bandarini Kalundu.

"Mama, wapiganaji wamefika wapi?" nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akigombania nafasi kwenye boti.

"Minye sijaona kitu, papa. Banasema muzee mumoja alipita mbio na honi, matela juu ya kombi. Iko dereva wa zamani, anajuaka habari za njia. Muntu kama ule hakimbiake bure."

Mke wangu akainua macho polepole hadi juu ya kombi. Umati mzima ukainua naye.

Godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani.