Piano Isiyo na Kitufe

Mwalimu wangu wa piano hakunipenda tangu siku ya kwanza, na mimi nikamrudishia siku ileile. Ni mama mstaafu wa mtaa wa Area D, alikuwa anafundisha muziki chuo cha ualimu, na sebuleni kwake kuna piano ya mbao iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia huku anaangalia vidole vyangu. Mimi nashona viti vya magari Ipagala. Vidole vimechomwa na sindano mpaka vimezoea, viwili havinyooki tena.

Akaniuliza umri, nikasema arobaini na tatu. Akaniuliza shule, nikasema niliishia kidato cha pili, mimi na hisabati tukaachana kwa amani. Hakucheka. Akasema watu wazima huwa hawafundishiki, wanajitetea mno. Akanipa karatasi moja, minueti, wimbo wa dansi wa Wazungu wa zamani, nikae nayo mwezi mzima. Nikiipiga sawasawa kwenye piano yake, atanichukua. Nikishindwa, nisirudi kumpotezea muda.

Na mimi nafasi ile niliitaka kweli. Muziki wa namna hiyo niliusikia kwenye redio ya mteja nikiwa chini ya kiti cha basi. Niliacha kushona, nikalala palepale kama maiti mpaka ukaisha.

Shida ilikuwa zile nukta na mistari. Kwaya yetu ya Makole, kama kwaya nyingi, inasoma do re mi. Basi nikachukua penseli, nikaandika do, so, mi chini ya kila nukta. Halafu kinanda changu cha umeme kina kitufe cha transpozi: wewe unapiga vibao vyeupe tu, kitufe kinapandisha sauti mpaka wimbo unapotakiwa kukaa. Wapiga kinanda wote wa kanisani ninaowajua wanafanya hivyo. Mtu akigusa kibao cheusi tunajua kateleza.

Mke wangu alisema kama namfukuza nimwambie tu, siyo kumpigia mistari ileile kila jioni. Jirani akawa anafungulia redio mpaka ukuta unatetemeka. Nikaongeza sauti, naye akaongeza. Mwezi mzima tulisalimiana kwa meno.

Siku ya siku nikavaa shati la harusi. Nikakaa kwenye piano, nikaanza kuipapasa ubavuni. Nikainama mpaka chini.

"Unatafuta nini humo?"

"Kitufe, mwalimu."

"Kitufe gani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lilinitisha. Akasema nipige hivyohivyo. Nikapiga mwanzo mpaka mwisho, sikukosea hata mahali pamoja. Nikageuka nimeachia meno yote.

"Umepiga vizuri," akasema. "Wimbo ambao sikukupa."

Nikachemka. Nikamwambia wimbo ni uleule, umeshuka kidogo tu. Akauliza, mteja akitaka kiti cha mbele, nikamshonea cha nyuma, kitambaa kilekile na mshono safi, nitamwambia ni kilekile? Nikasema kiti cha nyuma hakikai mbele. Akasema haya, wimbo alionipa una kibao cheusi kimoja nilichokikwepa, akaanza kuifunika piano.

Sikuinuka. Jasho lilishalowesha shati la watu, maana hata siyo langu, niliazima.

"Mwalimu, nionyeshe hicho kibao cheusi kimoja tu, niondoke."

"Si nilisema watu wazima mnajitetea?"

"Sijitetei. Naomba."

Alinitazama kama mtu anayepima nguo ya mtumba. Akafunua, akakibonyeza kibao kwa ukucha, kwa nguvu. "Hiki. Anza mwanzo."

Nikaanza. Jamani. Ule mwezi wote uliyeyuka. Kila nikikosea anapiga rula kwenye ubao wa piano, na rula haikupumzika. Mke wangu angekuwepo angeomba nimrudishie ile ya mwanzo. Mpaka namaliza mstari wa kwanza nilishajua njia ya mlangoni.

Yeye alikuwa ameshaichukua ile karatasi, anafuta do re mi zangu kwa raba, kwa hasira, mpaka karatasi ikajikunja na mahali pamoja ikachanika. Alifuta zote. Akanirushia mapajani.

"Jumamosi saa kumi," akasema. "Ukichelewa, hata usipige hodi."