Shokapu ya Upande wa Dereva

Hapa Arua, Uganda, najulikana kama fundi wa masikio: nikisikia tu gari inavyolia, nataja ugonjwa wake. Mama Keji, mfanyabiashara kutoka Sudani Kusini, alinipigia simu akiwa Koboko.

"Fundi, gari inagonga mbele, upande ya dereva."

"Hiyo shokapu imekufa, mama. Leta."

Alipofika, sikusubiri hata ashuke, wala sikutazama amekaa upande gani. Niliingia chini na jeki, nikang'oa shokapu ya kulia, maana kwetu dereva hukaa kulia. Nilifunga mpya huku nikiwaeleza mafundi wenzangu kwamba mimi hupima gari kwa simu. Na kweli nilipatia, ilikuwa shokapu.

"Jaribu sasa, mama."

Mama Keji, aliyekuwa ameshuka nikiwa chini ya gari, akazunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, akashika usukani.

"Fundi," akasema taratibu, "kwetu dereva iko hapa."

Gurudumu la kushoto lilikuwa limelowa mafuta ya shokapu.